NANI ANAYENYONYA DAMU YETU?
Maneno ya Kamati ya Wakimbizi yaliyosomwa mbele ya mkutano wa kambi, Siku ya Wakimbizi, tarehe 20 Juni



Kila mwaka siku kama ya leo tumezoea kusema juu ya maji, kuni, posho na shule. Mambo hayo bado yapo, na wenzetu watayasema. Lakini Kamati imeona afadhali mwaka huu tuseme juu ya jambo ambalo watu hulisema usiku tu, kwa sauti ya chini, nalo ni habari ya wanyonya damu. Wengine watacheka. Tunawaomba wasicheke upesi, kwa sababu jambo hili limeshatuletea kaburi.

Wengi wenu mnakumbuka. Asubuhi moja lilikuja gari jeupe. Watu wakashuka, wakawaita watoto wa chini ya miaka 5, wakawatoboa kidole, wakaandika namba, wakaondoka kabla ya saa sita. Hakuna aliyetuambia damu ile ni ya nini. Hakuna aliyerudi na majibu. Jioni ile kisimani neno lilikuwa moja: damu ya watoto wetu inauzwa. Juma lililofuata vijana waliziba njia kwa mawe, na dereva akapasuliwa kichwa. Na mama mmoja, ambaye mtoto wake alikuwa na homa kali, alimficha ndani siku tatu kwa kuogopa sindano. Alipomfikisha zahanati, malaria ilikuwa imekwisha kupanda kichwani. Mtoto yule tulimzika sisi wenyewe.

Ndugu zetu, Kamati haikuja hapa kumlaumu mama yule. Tumekuja kuungama. Sisi tulisikia uvumi ule siku ya kwanza, na tukanyamaza. Na wako kati yetu waliourudia kisimani, wakisema, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Kwa hiyo baada ya msiba tulikaa, tukauliza wazee, tukasoma, ili tujue habari hii imetoka wapi.

Jambo la kwanza tulilolijua ni kwamba habari hii ni ya zamani kuliko kambi yetu. Wazee kutoka Kampala wanakumbuka jina la bazimamoto, na Kenya walisemwa wazimamoto. Wakati wa ukoloni, tangu miaka ya 1920 na kuendelea, watu walisema kwamba watu wa zimamoto hawazimi moto wowote, bali huzunguka usiku kukamata watu, huwatia shimoni na kuwatoa damu. Pwani jina lilikuwa mumiani. Katanga walisema mutumbula, na huko Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, walisema banyama. Mwanahistoria wa Marekani, Luise White, alizungumza na wazee wa Kampala na wa Siaya juu ya habari hizo, akaandika kitabu kizima kilichotoka mwaka 2000. Hakuwauliza kama ni kweli au uongo tu. Aliwauliza walikuwa wanaogopa nini.

Nasi tukajiuliza hivyo hivyo. Mtu wa Kampala wa wakati ule aliona nini? Aliona gari jekundu, watu wenye sare, vifaa asivyovijua, na kazi ya siri. Tena aliona mambo ya kweli. Kati ya mwaka 1900 na 1920 ugonjwa wa malale uliua watu wapatao 250,000 katika Uganda, wengi wao kandokando ya Ziwa Victoria. Gavana Hesketh Bell aliamuru watu wahamishwe kutoka ufukoni, na madaktari walikuja na sindano kuchunguza miili ya watu. Walichukua ardhi, walichukua kodi, walichukua nguvu za vijana, na walichukua damu. Mtu aliyeambiwa "toka hapa" na "nyosha mkono" bila kuelezwa, alijitafutia maelezo mwenyewe.

Hilo neno mumiani lina historia yake. Ni neno la Kiajemi, maana yake dawa nyeusi kama lami. Kamusi za Kiswahili za mwanzo wa karne ya 20 zilieleza kwamba ni dawa iliyoletwa kutoka ng'ambo, na kwamba watu wengi waliamini imetengenezwa kwa damu ya binadamu. Je, watu hao walikuwa wajinga? Sikilizeni. Huko Ulaya, katika karne ya 16 na ya 17, maduka ya dawa yaliuza unga uliosagwa kutoka maiti za kale za Misri, na wagonjwa waliunywa. Dawa ile waliiita mumia. Basi jina ni lile lile, na kulikuwa kweli na watu waliokula maiti kama dawa, nao walikuwa Wazungu.

Jambo la pili tulilojifunza ni kwamba mataifa mengi yana mnyonya damu wake. Wengine mmeona filamu za Dracula kwenye vibanda vya video. Dracula ni hadithi ya mwandishi Bram Stoker, iliyotoka mwaka 1897. Lakini kabla yake, katika vijiji vya Serbia, mwaka 1725 na tena mwaka 1732, wakubwa wa serikali ya Austria waliandika ripoti juu ya makaburi yaliyofukuliwa. Wanakijiji walikuwa wakifa kwa mfululizo, wakadhani aliyezikwa kwanza anarudi kuwanyonya. Walipofukua waliona mwili umevimba na damu mdomoni. Mwaka 1755 malkia wao, Maria Theresa, alimwagiza daktari wake, Gerard van Swieten, achunguze. Daktari akaeleza kwamba hivyo ndivyo mwili unavyooza ardhini, na malkia akapiga marufuku kufukua maiti.

Tena huko Marekani, katika mji wa Exeter, jimbo la Rhode Island, familia moja ilishikwa na kifua kikuu. Mama alikufa, akafuata binti, na mwaka 1892 akafa binti mwingine aliyeitwa Mercy Brown, mwenye umri wa miaka 19. Kaka yake alikuwa mgonjwa. Majirani wakasema mmoja wa wafu hawa anamnyonya. Wakafukua, wakachoma moyo wa Mercy, na majivu wakampa kaka anywe kama dawa. Alikufa baada ya majuma machache. Sasa angalieni: daktari Robert Koch wa Ujerumani alikuwa amekwisha gundua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, yaani miaka 10 kabla. Elimu ilikuwepo duniani, lakini haikuwafaa watu wale waliokuwa wanazika watoto wao.

Kule Peru, milimani, watu wa asili husema juu ya pishtaco, mgeni anayewaua watu usiku ili achukue mafuta ya miili yao. Tangu zamani za Wahispania, pishtaco amekuwa na sura ya mgeni mwenye nguvu kuliko wenyeji.

Kwa hiyo tumeona aina mbili. Kuna mnyonya damu anayetoka kaburini, naye huzaliwa na ugonjwa usioelezwa. Na kuna mnyonya damu anayekuja na gari, naye huzaliwa na mgeni asiyejieleza. Sisi wakimbizi tuna magonjwa, na tuna wageni. Ndiyo maana aina zote mbili zimetukuta hapa.

Jambo la tatu ndilo lenye hatari. Uvumi huu hauishii katika maneno. Mwishoni mwa mwaka 2002 huko Malawi, wakati wa njaa, watu walisema serikali inauza damu yao kwa mashirika ili ipate chakula. Mwaka 2017 uvumi ukarudi katika wilaya za Mulanje na Phalombe. Watu wasiopungua 8 waliuawa na makundi ya watu wenye hasira. Karibu na Blantyre kijana mwenye ugonjwa wa kifafa alichomwa moto. Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake katika wilaya hizo mbili. Tuulizeni: nani aliumia? Aliumia mwenye kifafa, na akaumia mwenye njaa aliyebaki bila msaada. Mnyonya damu mwenyewe hakukamatwa, kwa sababu hakuwepo.

Na kwetu huku? Ebola ilipotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, Beni na Butembo walisema ni biashara. Waganga walipigwa, vituo vikachomwa, na mwezi wa Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko wa Kameruni aliuawa akiwa kazini Butembo. Wakati ugonjwa ulipokwisha mwezi wa Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa. Mwezi wa Juni 2019 ulivuka mpaka ukafika Kagando na Bwera, ukiwa na mtoto wa miaka 5, bibi yake na mdogo wake. Damu yao ilipelekwa Entebbe, kwenye taasisi ya serikali inayochunguza virusi, na majibu yakarudi. Watu walioguswa wakatafutwa, wakachanjwa, na ugonjwa haukuenea Kasese. Damu ile kidogo iliyochukuliwa Bwera ililinda wilaya nzima.

Kwa hiyo tuseme wazi habari ya damu. Kipimo cha malaria ni tone moja la kidoleni, na majibu hupatikana kwa muda wa dakika 20 hivi. Kichupa cha maabara mara nyingi hakizidi kijiko cha chai. Mtu mzima ana lita 5 hivi za damu mwilini, na mwili huirudisha ile iliyotoka. Tena kuna damu inayotolewa ili wengine wapone. Mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria huongezewa damu ya mtu mwingine, iliyotunzwa katika benki ya damu kama ile ya Fort Portal. Damu hiyo hutolewa bure na watu wenye moyo. Wako watoto katika mkutano huu wanaoishi kwa damu ya Mganda wasiyemjua.

Baada ya hayo, Kamati ina maombi.

Kwenu wafanyakazi wa mashirika: msituite wajinga. Uvumi ni swali ambalo halijajibiwa. Kabla ya kumtoboa mtoto kidole, semeni kwa Kiswahili na kwa Kinande mambo manne: ni damu kiasi gani, ni ya nini, inakwenda wapi, na majibu yatarudi lini. Siku ile ikifika, rudini, hata kama jibu si zuri. Saa moja ya kueleza ingetosha kuuokoa mchana ule wa mawe.

Kwenu wakaaji wa kambi: mnayo haki ya kuuliza, na mnayo haki ya kukataa mpaka mmeelezwa. Kuuliza si ujinga. Lakini jiwe si swali. Ukisikia neno la damu, usilipeleke kisimani, lilete kwa Kamati siku ile ile. Msimnyoshee kidole mjane anayekaa peke yake, wala mgonjwa wa kifafa, wala dereva. Na mtoto mwenye homa asilale nyumbani hata usiku mmoja.

Kwetu sisi Kamati: tunaahidi mbele yenu kwamba hatutanyamaza tena. Kila Jumamosi, chini ya mti wa mikutano, wawili kati yetu watakaa kusikiliza maneno yanayozunguka, na kuyapeleka zahanati yapate majibu. Tukishindwa, mtuondoe.

Wanaonyonya damu yetu kweli tunawajua. Ni mbu anayekuja jioni, na ni vita iliyotutoa kwetu. Hao ndio tuwakatalie. Mwenye sindano aliyesimama mlangoni mchana, akataja jina lake na kazi yake, huyo tumpe kiti, tumuulize maswali yote, halafu tumnyoshee mkono.

Mama yule aliyempoteza mtoto yuko nasi hapa leo. Ametupa ruhusa ya kusema haya. Tunamshukuru kuliko wageni wote.