Timu za Zamani na Siku ya Kwanza Uwanjani

(Mazungumzo yaliyotolewa kwenye karamu ya mwaka ya wanafunzi wa zamani, Mwanza)



Katibu aliponiandikia kuniomba niseme machache, alidhani nitazungumzia utumishi wa umma. Nilimjibu kuwa mambo ya ofisi hayapendezi mbele ya pilau, nikamwomba nizungumzie mpira. Alikubali kwa sharti moja, kwamba nisizitaje Simba na Yanga, watu wasije wakagombana kabla ya chakula. Ndugu Katibu, sharti hilo ni gumu. Nitazitaja kidogo, kisha nitaziacha, maana nia yangu hasa ni timu za mikoani, na zaidi ya zote Pamba yetu.

Mshabiki wa mpira ana kumbukumbu ya namna yake. Muulize jana alikula nini, atababaika. Muulize habari za tarehe 19 Julai 1977, naye kama ni wa Simba atakusimulia mabao yote sita, matatu yakiwa ya Abdallah Kibadeni peke yake. Mwenzake wa Yanga hatakubali yaishie hapo, naye atakukumbusha mabao matano kwa bila ya mwaka 1968. Hizo ni kumbukumbu zenye walezi. Kila mwaka magazeti huzichapa upya, redio huzisimulia upya, na mtoto aliyezaliwa juzi anazijua kama aliyekuwepo.

Sisi wa Mwanza nasi tuna siku yetu. Mwezi wa Agosti 1974, mchezo wa kuamua ubingwa wa taifa baina ya Simba na Yanga uliletwa hapa, kiwanja cha Nyamagana. Adam Sabu aliitangulizia Simba bao mapema. Wakaongoza hadi dakika za mwisho kabisa, Gibson Sembuli akasawazisha, na katika muda wa nyongeza Sunday Manara akafunga la pili. Yanga wakaondoka na kombe. Manara huyo ndiye baadaye alikwenda kucheza Uholanzi, katika timu ya Heracles. Mjomba wangu, mwenye umri wa miaka kumi na tisa siku hiyo na Simba damu, anasema aliutazama mchezo huo akiwa juu ya jiwe. Sijapata kukutana na mzee wa Mwanza wa umri wake ambaye hakuwepo. Kama wote wanaodai walikuwepo walikuwepo kweli, basi Nyamagana siku hiyo ilifika mpaka Igoma.

Lakini mimi sikukulia katika habari za 1974. Mimi nilikulia kwenye redio.

Wadogo zangu mnaotazama mpira kwenye vioo vya simu hamtaelewa jambo hili upesi, kwa hiyo nitalieleza taratibu. Televisheni Tanzania Bara ilianza mwaka 1994. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, lakini sisi wa Bara mpira tuliusikia tu, kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam. Ahmed Jongo alipotangaza, au Charles Hilary, ambaye alitutoka Mei 2025, Mungu amrehemu, sisi watoto tulikaa chini uani, wakubwa kwenye viti, na redio juu ya kigoda. Tulijua mpira uko kwa nani, uko upande gani wa kiwanja, nani amemtegea nani. Kila mmoja alikuwa na kiwanja chake kichwani. Changu kilikuwa na nyasi ndefu sana, sijui kwa nini.

Mwaka 1990, nikiwa na miaka tisa, mjomba alinichukua kwa mara ya kwanza kwenda kutazama Pamba ikicheza. Tulitembea kwa miguu. Mjomba alikuwa akifanya kazi katika kiwanda kimoja cha kuchambua pamba, na siku za mchezo yeye na wenzake walitoka kazini moja kwa moja, nyuzi za pamba zingali zimewaganda kwenye nywele. Langoni alinisukuma mbele yake, akamwambia mkata tiketi, "Huyu mtoto halipiwi," mkata tiketi akanitazama miguu, nikapita. Ndani palikuwa na karanga za vikoni, machungwa yaliyomenywa, na watu wengi kuliko niliowahi kuwaona mahali pamoja. Mpira ukaanza.

Na hapo, ndugu zangu, nilipotea. Wachezaji walikuwa wanakimbia, mpira unakwenda huku na huku, lakini hapakuwa na mtu wa kuniambia nani ni nani. Nilimvuta mjomba shati nikamwuliza, "Mjomba, mtangazaji yuko wapi?" Watu waliokuwa karibu walicheka mpaka mmoja akamwaga karanga. Mjomba hakucheka. Aliniambia, "Leo, mjomba, utatangaza mwenyewe." Akanionyesha kwa kidole: yule mrefu jina lake fulani, yule mwenye soksi zilizoshuka jina lake fulani, yule anafanya kazi na mimi, hupima marobota. Nilianza kutangaza kwa sauti ya chini. Kufikia mapumziko sauti haikuwa ya chini tena, na mzee mmoja aliyekuja uwanjani na redio yake ndogo, akaiweka sikioni ili apate kujua anachokitazama (watu wa namna hiyo wapo hadi leo), aliizima akanisikiliza mimi.

Nani alicheza na Pamba siku ile? Mjomba anasema Reli ya Morogoro. Mama, ambaye hakwenda lakini alitusubiri na ugali, anashikilia kuwa tulirudi tukizungumzia Ushirika ya Moshi. Matokeo pia hayaafikiani. Nilichobaki nacho mimi ni kelele ya bao la kwanza, ambayo niliisikia miguuni kabla ya masikioni, na vumbi lililonuka chungwa.

Sasa tazameni majina hayo: Reli, Ushirika. Ongezeni mengine ya enzi zile: Bandari ya Mtwara, RTC ya Kagera, Mecco ya Mbeya, Sigara ya Dar es Salaam, CDA ya Dodoma, na Pamba ya Mwanza. Mimi ni mtumishi wa serikali, na kila nikiyasoma majina haya naona kama nasoma orodha ya mashirika ya umma. Ndivyo ilivyokuwa. Treni ilikuwa na timu, bandari ina timu, duka la mkoa lina timu, zao la pamba lina timu. Mchezaji alikuwa mwajiriwa, mshahara wake uko kwenye vitabu vya shirika, na Jumatatu ungemkuta dirishani akikuandikia stakabadhi. Mshabiki wa timu ya mkoa alikuwa jirani wa mchezaji. Ukimzomea Jumamosi, Jumatatu huenda ukamhitaji.

Na timu hizi za mikoani hazikuwa za kusindikiza wengine. Mseto ya Morogoro ilichukua ubingwa wa Bara 1975. Tukuyu Stars, kutoka mji mdogo wa milimani, ilichukua 1986. Coastal Union ya Tanga 1988. Majimaji ya Songea ilikuwa bingwa wa Muungano 1985, 1986, na tena 1998. Na mwaka huo huo wa 1990 nilipoingia uwanjani kwa mara ya kwanza, Pamba ndiyo iliyotwaa ubingwa wa Muungano. TP Lindanda! Naona wazee pale nyuma wanatikisa vichwa. Baada ya Mtibwa Sugar kulichukua kombe la Bara 1999 na 2000, limetoka mikononi mwa Simba na Yanga mara moja tu, lilipokwenda Azam msimu wa 2013/14, nayo Azam ni ya Dar es Salaam.

Kilichotokea katikati mnakijua, ingawa katika mazungumzo ya mpira hatukitaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilianza kurekebisha na kuuza mashirika ya umma. Katika zao letu, tangu msimu wa 1994 wafanyabiashara binafsi waliruhusiwa kununua na kuchambua pamba, kazi iliyokuwa ya vyama vya ushirika na bodi. Yapo mengi ya kusema kuhusu mageuzi hayo, mema na mabaya, na kwa cheo changu sitayasema hapa. Nasema hili tu, kwamba mnunuzi mpya alipokagua vitabu alikuta mashine, magari, maghala, na kisha akakuta golikipa. Alijua la kufanya na mashine.

Mjomba alipunguzwa kazi. Alilipwa kiasi, akanunua baiskeli na cherehani ya shangazi. Wachezaji wazuri walikuwa wamekwisha kuanza kuondoka. George Masatu na Hussein Marsha walikwenda Simba, na walikuwemo katika kikosi kilichofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, kocha akiwa Kibadeni yule yule wa mabao matatu. Abidjan walitoka sare ya bila kufungana na Stella. Siku ya marudiano, Novemba, tulikuwa uani na redio, na hata majirani wa Yanga walikuja, kwa kuwa Masatu na Marsha walikuwa wetu. Tukafungwa mawili, huko huko Dar es Salaam. Mjomba alilibeba jina la Boli Zozo miaka na miaka, akilitumia kumwita mbuzi yeyote aliyeingia bustanini. Tangu hapo tumefika fainali za Afrika tena, Yanga 2023 na Simba 2025, na kombe bado hatujalileta.

Baada ya kupunguzwa kazi mjomba hakwenda tena uwanjani. Hakusema kwa nini, na sisi hatukumwuliza. Pamba nayo ikashuka daraja, ikakaa huko zaidi ya miaka ishirini.

Mwaka 2024 Pamba ilirudi Ligi Kuu, sasa ikiitwa Pamba Jiji. Nilikuwa likizo hapa Mwanza, nikamwendea mjomba na tiketi mbili. Ana miaka sabini sasa, au karibu. Alizitazama tiketi akaniuliza, "Wanachezea wapi?" Nikamwambia Kirumba. Akauliza, "Nani anapima marobota siku hizi?" Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Shangazi alinivuta kando akanieleza kuwa siku hizi huchanganya, huwasahau wajukuu majina, na jioni nyingine huuliza kama kengele ya kiwanda imelia.

Lakini nilipomtajia Pamba ya 1990, alikaa wima. Alinipangia kikosi. Akaniambia nani alikuwa akilala bweni la kiwanda, nani alicheza akiwa na malaria, siku gani lori lililowachukua lilikwama Shinyanga wakafika saa ya mchezo wakiwa hawajala. Khalfan Ngassa, baba yake Mrisho, alinisimulia anavyogeuka na mpira, akasimama kunionyesha, shangazi akawahi kumshika.

Katika kazi yangu, jambo lisilo na faili halipo. Usiku ule nilinunua daftari, na kila nikija likizo tunakaa. Tumefika ukurasa wa arobaini na tatu. Mengine yanapingana, na Reli imekwisha kufungwa kwa mabao ya idadi tatu tofauti. Siyasahihishi. Naandika tarehe ya siku aliyonisimulia na naendelea. Siku hizi huja wazee wenzake wawili, nao wakibishana naandika ubishi wote, maana mara nyingi katika ubishi ndimo jina la mchezaji lililosahaulika hutokea.

Wadogo zangu, sitawaambia mwache kutazama ligi ya Uingereza. Mimi mwenyewe huitazama, na kikosi cha Arsenal nakijua. Kikosi hicho kimeandikwa, kimepigwa picha, na kitakuwepo mkikikumbuka au mkikisahau. Wachezaji wa Milambo ya Tabora au RTC Kagera wengi wao wako katika vichwa vya watu wenye umri wa mjomba wangu, na vichwa hivyo, kama nilivyowaeleza, havifungwi kwa kufuli.

Na si timu za ligi tu. Timu ya shule hii ya miaka ya 1980 inasifiwa na kila aliyeichezea, na ninaona angalau wanne wao wamekaa meza ile ya dirishani, lakini nilipomwomba Mkuu wa Shule picha yake alinipa picha ya kwaya. Nyinyi wanne mnaweza kutueleza jezi zilikuwa za rangi gani. Nimekwisha kuwauliza wawili, mmoja akasema kijani, mwingine bluu.

Basi, Ndugu Mwenyekiti, nimeleta daftari jipya. Liko mezani pale karibu na mlango, pamoja na kalamu mbili zilizofungwa kwa uzi kwa sababu nawajua watumishi wenzangu. Kila mmoja aandike mchezo wa kwanza aliouona kwa macho yake: mwaka, kiwanja, nani alimpeleka, na majina anayoyakumbuka. Asiyekumbuka matokeo aache nafasi, atakayefuata atajaza. Wanafunzi wa kidato cha tatu wameahidi kuandika kwa niaba ya wazee waliosahau miwani nyumbani. Naambiwa pilau iko tayari.