Hesabu Siku Zako Kabla ya Kuhesabu Alama

(Haya ni mazungumzo na wanafunzi wa sekondari huko Chidya, wilayani Masasi. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, ili na wasomaji wetu wa shule nyingine wanufaike.)

 

Chidya siyo jina geni katika elimu ya kusini. Wamisionari wa UMCA ndio walioanzisha shule hapa, ikiitwa St. Joseph's, zamani ambapo mtoto wa Masasi au Newala kupata nafasi ya sekondari ilikuwa kama bahati nasibu. Baadaye ikawa shule ya serikali. Kwa hiyo mnakaa mahali ambapo watu wengi wamekaa kabla yenu wakiwa na hofu ileile mliyo nayo nyinyi: mtihani.

Leo sikuja kuhubiri. Nina swali moja tu. Mwanafunzi akipata alama mbaya, sababu ni nini?

Nasikia majibu huko nyuma. "Kilaza!" "Hapigi msuli!" "Kiingereza!" "Mwalimu hakufundisha!" Sawa. Yote hayo yapo. Lakini kuna jibu moja sijalisikia, nalo ndilo lililonileta. Inawezekana kabisa kwamba siku somo lile lilipofundishwa, mwanafunzi huyo hakuwepo. Au alikuwepo, lakini mwili tu.

Chukueni karatasi. Tufanye hesabu kidogo.

Mwaka wa masomo una siku zipatazo 194. Ukizisikia unaona ni nyingi. Sasa tumtengeneze mwanafunzi wa mfano, tumwite Kijana wa Dawati la Nyuma. Mwaka huu ameugua malaria mara mbili, kila mara akalala siku nne. Hizo ni nane. Tumbo limemsumbua siku tatu. Tumefika kumi na moja. Msimu wa korosho ameenda kuokota siku kumi. Ishirini na moja. Kuna msiba, kuna ngoma ya jando la mdogo wake, siku tano. Jumla ni siku 26. Shule ni siku tano kwa wiki, kwa hiyo Kijana wetu amekosa zaidi ya wiki tano. Na bado sijahesabu siku alizokuwa darasani akisinzia kwa njaa.

Sasa mwisho wa mwaka anapata 29. Mnajua 29 ni nini? Ni F. Na 30? Ni D. Alama moja! Wenzake wanamwita kilaza, naye anakubali. Kidato cha Pili asipofikia kiwango anarudia darasa. Wengine hawarudii, wanaacha kabisa. Hapo ndipo ninapoumia, wadogo zangu. Mtu ameacha shule akiamini hana akili, kumbe alikuwa na malaria.

Haya, tuwaangalie wezi wa siku zetu mmoja mmoja.

Mwizi wa kwanza: malaria

Mbu anayeeneza malaria huuma usiku. Na wewe unapiga msuli usiku, umevaa kaptura, taa inawaka, chandarua kimefungwa fundo juu ya kitanda. Nani atakuonea huruma hapo?

Mikoa ya Lindi, Mtwara na Ruvuma ilikuwa ya kwanza nchini kugawiwa vyandarua kupitia shule, mwaka 2013. Maana yake tulitangulia. Lakini chandarua kilichofunika vifaranga hakimkingi mwanafunzi. Kishushe jioni, kichomekee chini ya godoro, kikitoboka shona. Ukisoma usiku, vaa suruali na shati la mikono mirefu.

Ukipata homa usijitibu kwa kubahatisha. Siyo kila homa ni malaria. Nenda zahanati upimwe. Kile kipimo cha haraka hutoa jibu ndani ya dakika kama ishirini. Ukikutwa nayo, utapewa dawa ya mseto. Kwa mtu mwenye kilo 35 au zaidi ni vidonge vinne, mara mbili kwa siku, kwa siku tatu. Vyote 24! Vimeze na chakula. Siku ya pili homa inashuka, unajisikia bomba, unampa rafiki yako vidonge vilivyobaki. Hapo mmepoteza wote wawili: wewe hujapona, na yeye hajatibiwa.

Mwizi wa pili: minyoo, kichocho na maji machafu

Juu ya uwanda wa Makonde mchanga unameza mvua yote, maji yanatokea chini mabondeni. Ndiyo maana tangu zamani watu wa Newala wameshuka na kupanda milima kwa ajili ya ndoo moja. Maji yakiwa ya shida, kitu cha kwanza kusahaulika ni kunawa mikono, na cha pili ni kuchemsha.

Kuni zikikosekana, kuna njia ya bei nafuu. Chukua chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, isizidi lita mbili, ujaze maji maangavu, uilaze juani kutwa, angalau saa sita za jua kali. Kukiwa na mawingu, iache siku mbili. Jua litaua vijidudu vingi vinavyoharisha. Maji yakiwa na tope, yachuje kwanza.

Minyoo ya safura hupenya kwenye nyayo ukitembea peku mahali penye kinyesi, kisha hukaa tumboni ikinyonya damu. Kichocho hupenya kwenye ngozi ukiogelea au kuchota maji yaliyotuama yenye konokono. Ukikojoa damu usikae kimya. Wapo vijana wanaodhani ni dalili ya kukua. Siyo! Ni ugonjwa, dawa yake ipo. Wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Huku shuleni, kabla ya kifo, humuumbua matokeo.

Mwizi wa tatu: njaa na upungufu wa damu

Mtu amekunywa chai ya rangi asubuhi, au hakunywa kitu. Saa nne kichwa kinauma. Saa sita mwalimu wa Hisabati anaandika ubaoni, yeye anaona nyota. Tatizo hapo ni Hisabati kweli?

Damu ikipungua, hewa inayofika kwenye ubongo na misuli inapungua pia. Unachoka haraka, moyo unaenda mbio ukipanda mlima, unasahau. Chakula cha kusaidia tunacho hapahapa: mbaazi, kunde, kisamvu, matembele, dagaa. Kula na kitu chenye vitamini C, kama embe, chungwa, au bibo msimu wake ukifika, ili mwili uchukue madini ya chuma vizuri. Chai iache isubiri saa moja au mbili baada ya mlo, kwa sababu inazuia madini hayo. Na bibo ninalosema ni la kula, siyo uraka! Mnacheka, lakini mnanielewa.

Kwa kuwa mazungumzo haya yatachapishwa, nawaambia na dada zetu watakaoyasoma: mwanamke hupoteza damu kila mwezi, kwa hiyo ninyi mnahitaji vyakula hivyo zaidi. Na siku za hedhi zisiwe siku za kubaki nyumbani kwa aibu. Mwambie matroni au mwalimu wa kike. Ninyi wavulana, anayemcheka msichana kwa sababu ya doa kwenye sketi anamwibia siku ya masomo. Ni mwizi kama wale wengine.

Mwizi wa nne: kukesha

Najua hili mtalipinga. Mnaona sifa: "Jana nimekesha mpaka saa tisa!" Lakini ubongo hutumia usingizi kupanga na kuhifadhi ulichosoma mchana. Kijana wa umri wenu anahitaji saa nane hadi kumi za usingizi. Ukikesha wiki nzima kabla ya mtihani unajaza maji kwenye pakacha. Soma kidogokidogo tangu mwanzo wa muhula, halafu lala.

Mwizi wa tano: korosho

Hapa lazima niseme kwa adabu, kwa sababu korosho ndiyo imetulea wengi. Imenunua sare, daftari, na bati la nyumba. Lakini angalieni kalenda. Korosho zinapoanza kuuzwa kwenye minada ni Oktoba. Mitihani ya taifa ya Kidato cha Pili na cha Nne huwa Novemba. Yaani mzazi anakuhitaji shambani wakati uleule mtihani unapobisha hodi.

Usigombane na mzazi. Kaa naye mapema, mwezi wa nane, umwonyeshe ratiba. Mwambie, "Baba, Jumamosi na Jumapili nitaokota, jioni nitasaidia, lakini siku za masomo naomba niende shule." Mzazi anayepewa ratiba mapema huweza kupanga. Anayeambiwa asubuhi ya siku yenyewe huona mtoto ana kiburi. Na ngoma za jando na unyago ni hivyohivyo. Wazee wakiombwa kwa heshima wazipange ndani ya likizo, wapo wanaokubali.

Je, kuwepo tu kunatosha?

Sasa mtaniuliza: tukipona wote, tukashiba, tutafaulu? Hapana, na sitaki kuwadanganya. Kule Kenya, wilaya ya Busia, ulianza mwaka 1998 mradi wa kuwapa dawa za minyoo watoto wa shule za msingi 75. Wataalamu wawili, Edward Miguel na Michael Kremer, walichapisha matokeo mwaka 2004. Utoro ulipungua kwa kama robo. Hilo ni jambo kubwa kwa kidonge cha bei ndogo vile! Lakini alama za mitihani hazikupanda.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Afya inakufikisha mlangoni mwa darasa. Kuingia na kujifunza ni kazi nyingine.

Chukueni siku moja uliyokosa. Umerudi, umeazima daftari la mwenzako, umenakili desa lote kwa mwandiko mzuri. Umemaliza? Desa ukiliuliza halijibu. Tena limeandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi wetu tulianza kusomea karibu masomo yote tulipoingia Kidato cha Kwanza. Kwa hiyo fanya hivi. Mwombe mwenzako akueleze somo kwa Kiswahili mpaka uelewe. Kisha wewe mweleze yeye. Kisha andika kwa Kiingereza sentensi tano za kwako mwenyewe, umpelekee mwalimu azisahihishe. Nusu saa tu. Ukifanya hivyo kwa kila siku uliyokosa, siku hiyo umeikomboa.

Na yale yasiyo kwenye uwezo wenu?

Yapo. Bomba kukauka siyo kosa lako. Mwalimu wa Fizikia kutokuwepo siyo kosa lako. Hata hivyo ninyi mnaweza kuhesabu. Kila darasa liwe na daftari moja. Kila Ijumaa kiranja aandike: wangapi walikosa wiki hii, siku ngapi, kwa sababu gani. Majina yasiandikwe, sababu tu. Mwisho wa muhula mpeni mkuu wa shule alipeleke kwenye bodi. Ukisema "maji ni shida", watu wazima wanaitikia kwa kichwa. Ukisema "muhula huu Kidato cha Pili kimepoteza siku kadha wa kadha kwa sababu ya kuhara", hapo kuna la kujadili.

Na wewe uliyekwisha kukata tamaa, au una dada nyumbani aliyeacha shule, hata kwa sababu ya ujauzito: mwaka 2021 serikali ilitangaza kwamba wanafunzi walioacha shule wanaweza kurudi. Mpelekee habari hiyo nyumbani.

Haya, karatasi zenu bado mnazo. Andika namba ya siku ulizokosa mwaka huu. Usimwonyeshe mtu. Pembeni yake andika mwizi aliyekuibia nyingi zaidi. Huyo ndiye wa kuanza naye, kesho asubuhi.

Maswali sasa. Nani anaanza? Wewe wa dawati la nyuma, karibu.