Ayaonayo Daktari Ndani ya Jicho



Mzee aonapo herufi za Msahafu zimefifia, aghalabu hununua miwani sokoni, na shauri likaishia hapo. Miwani humrudishia herufi. Haimwambii lolote juu ya damu yake.

Mwaka 1851 Mjerumani Hermann von Helmholtz alichapisha maelezo ya chombo cha kutazamia ndani ya jicho. Huko nyuma ya jicho mishipa ya damu huonekana wazi pasipo mwili kupasuliwa. Daktari hutia matone ya kupanua mboni, kisha akamulika. Vidoa vya damu iliyovuja huweza kuwa dalili ya kisukari. Mishipa iliyosinyaa, ya shinikizo la damu. Naye mwenyewe huenda asiwe na maumivu hata kidogo, na anaona vizuri! Hapo ndipo penye hatari, kwani kisukari kikiachwa huweza kupofusha. Yaliyoonekana jichoni hayana budi kuthibitishwa kwa kupimwa damu na shinikizo lake.

Matone hayo hutia ukungu machoni kwa saa kadhaa; basi aendaye kupimwa asiende kwa baiskeli, na afuatane na mtu wa kumshika mkono.