*MANENO YA KATIBU WA TAWI KWENYE MKUTANO WA WANACHAMA: KUHAMA CHUO KWA ALAMA NDOGO*

_(Waliokuwa msibani na waliokuwa shambani wameomba niyatume. Mwenye mtoto chuoni ambaye hayumo kwenye kundi hili, naomba afikishiwe.)_



Mwenyekiti amenipa dakika chache kwenye mengineyo, nami nitazitumia kwa jambo moja. Tangu vyuo vifunguliwe, wazazi wanne wamekuja ofisini kwa nyakati tofauti wakiwa na ombi linalofanana. Mtoto yuko chuo fulani, alama zake si nzuri, anataka kuhamia chuo kikubwa chenye ushindani. Mzazi anaomba barua ya tawi, yenye muhuri, imsaidie apokelewe.

Ndugu zangu, barua hiyo tawi halitaitoa. Naomba mnisikilize sababu, maana sikatai kwa ubaya.

*Kwanza, wazo hilo lilikotoka.*

Wazee wetu hawakulitunga. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, kijana hakuruka moja kwa moja kutoka kidato cha sita kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alipita JKT, akafanya kazi angalau miaka miwili, kisha akaleta mapendekezo ya mwajiri na ya tawi la Chama. Wakati huo muhuri wa tawi ulikuwa na uzito mlangoni mwa chuo. Utaratibu ule uliondolewa zamani. Leo hakuna fomu ya chuo yenye nafasi ya katibu wa tawi kusaini. Nikiandika, nitakuwa nimetumia karatasi ya Chama kumpa mzazi matumaini ambayo hayapo.

*Pili, nani anayeamua sasa.*

Vyuo vikuu vyote nchini vinasimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Tangu mwaka 2017 mwombaji wa shahada anaomba chuoni moja kwa moja, na TCU inahakiki sifa. Kwa waliomaliza kidato cha sita miaka ya karibuni, kiwango cha chini ni masomo mawili ya tahasusi yenye jumla ya pointi 4. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Maana yake D mbili zinafungua mlango. Lakini hicho ni kiwango cha chini tu. Kozi nyingine zinataka zaidi, na kozi inayogombewa na maelfu inachukua wenye alama za juu kwanza hadi nafasi ziishe. Mtoto mwenye D mbili ana sifa, ila foleni iliyo mbele yake ni ndefu.

Kuhama kunaruhusiwa, wala si jambo la siri. Kunahitaji mambo manne. Chuo anachotoka kimruhusu. Chuo anachokwenda kiwe na nafasi kwenye kozi ile na kikubali kumpokea. Mwanafunzi awe na sifa za kozi anayoitaka, siyo za ile aliyopo tu. Na TCU ithibitishe, ndani ya muda inaoutangaza. Likikosekana moja, hakuna uhamisho. Na aliyeondolewa chuo kwa kushindwa masomo hahami, huyo anaomba upya.

Wenye mkopo, sikilizeni hapa. Kabla mtoto hajafungasha begi, aulize Bodi ya Mikopo na vyuo vyote viwili jinsi mkopo wake utakavyomfuata. Akihama mwili na fedha zikabaki nyuma, muhula mzima atakula kwa madeni.

*Tatu, hesabu.*

Mimi nina diploma ya uhasibu, mnisamehe, lazima nipige hesabu.

Tumchukue kijana wa mwaka wa kwanza mwenye GPA ya 2.4 kati ya 5. Shahada ya miaka mitatu ina krediti 360, tuseme 120 kila mwaka. Ili amalize na 2.7, yaani daraja la pili la chini, anahitaji wastani wa 2.85 kwa miaka miwili iliyobaki. Hiyo ni kazi ya kijana anayeamka mapema na kuacha simu usiku. Ili amalize na 3.5, daraja la pili la juu, anahitaji wastani wa 4.05. Ni mlima, lakini watu wanaupanda. Sisi tunaoishi chini ya Kibo tunajua mlima haupandwi kwa kukimbia.

Sasa jiulize. Chuo kikubwa kikiona 2.4 leo, kitasema nini? Kitalinganisha na walionacho. Lakini kijana huyohuyo akitulia alipo, akafika 2.7 au zaidi, mlango wa shahada ya uzamili unafunguka, kwani vyuo vingi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwemo, vinaanzia hapo. Anaingia chuo kile anachokitamani, ila kwa mlango wa pili, na hakuna atakayemuuliza alianzia wapi.

*Nne, njia nyingine zipo.*

Kuna aliyekosa hata pointi 4. Huyo asidanganywe kwamba kuna uhamisho wa kumwingiza. Ana njia tatu za halali.

1. Kurudia mtihani wa kidato cha sita akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, kwa masomo yaliyomwangusha.

2. Kusoma stashahada. Akimaliza na GPA ya 3.0 na kuendelea, na ana angalau masomo manne aliyofaulu kidato cha nne, anaruhusiwa kuomba shahada, kwa masharti ya kozi husika. Ndiyo njia waliyopita wauguzi na matabibu wengi mnaowaona wakirudi kusoma. Hapa Moshi hatuko mbali na vyuo. Chuo Kikuu cha Ushirika kilianza mwaka 1963 kikiwa Chuo cha Ushirika, na hadhi ya chuo kikuu kamili kilipewa 2014. Chuo chenyewe kilipanda ngazi kwa ngazi, sembuse mtoto wako.

3. Kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria. Hii inawahusu waliopata alama kidogo kidato cha sita au waliomaliza stashahada chini ya 3.0. Nayo ina masharti yake, na ufaulu wake ni GPA ya 3.0, kwa hiyo si njia ya mkato.

*Tano, na hili ndilo lililonifanya niombe dakika hizi.*

Mama mmoja, mwanachama wetu, alikopa kikundi cha VICOBA shilingi laki nane akamtumia kwa simu mtu aliyesema "ana mtu wake" chuoni. Alipewa barua ya kupokelewa. Mtoto alipofika, jina lake halikuwemo kwenye mfumo. Barua ilikuwa ya kughushi, na simu ya yule bwana haipatikani hadi leo. Marejesho ya kikundi hayajali hayo. Mama analipa kila wiki kwa kuuza ndizi Mbuyuni.

Mzee mmoja amesimama hapa kuuliza: "Katibu, mbona watoto wa wenzetu wanapita kwa vimemo?" Mzee wangu, swali lako lina uchungu na ninaliheshimu. Lakini fikiria upande wa pili. Nafasi ikitoka kwa kimemo, inatolewa kwa nani? Inatoka mikononi mwa mtoto mwenye alama nzuri ambaye baba yake hana wa kumpigia, na watoto wa namna hiyo wamejaa Uru, Kibosho na Rombo. Tawi likianza kuandika vimemo, watakaoumia wa kwanza ni wetu. Na anayeomba fedha ili kuuza nafasi ya chuo anaomba rushwa. TAKUKURU wanapokea taarifa kwa namba 113, bila malipo.

Kijana anayetaka kuhama kwa sababu ya ugonjwa, au kozi isiyomfaa, ana haki ya kuomba. Anayetaka kuhama kwa sababu chuo chake hakina jina, mzazi aongee naye Krismasi hii watoto wakirudi nyumbani. Muulizeni kwa upole GPA yake ni ngapi, somo gani linamwangusha, na ameonana na mwalimu mara ngapi. Msianze na fimbo. Wengi wanaficha matokeo kwa sababu wanajua ng'ombe aliuzwa kwa ajili yao.

*Tulichokubaliana mkutanoni:*

✅ Tawi halitatoa barua ya kuombea nafasi au uhamisho wa chuo.

✅ Kila Jumamosi hadi mwisho wa Desemba, saa 4 asubuhi, mwalimu mstaafu mmoja na mimi tutakuwa ofisini. Mwanafunzi aje na matokeo yake ya kidato cha nne, cha sita na ya chuo. Tutasoma naye mwongozo wa TCU na kumsaidia kuandika ombi lake mwenyewe.

✅ Huduma hii ni bure. Mtu akidai fedha kwa jina la tawi, nipigiwe mimi au Mwenyekiti papo hapo.

✅ Kabla ya kutuma hata shilingi moja kwa mtu wa kati, mzazi aje kwanza tuongee.

✅ Mama yetu wa VICOBA tumemchangia. Ambao hawakuwepo wamwone mweka hazina.



*Katibu wa Tawi*