Faida Irudiyo Nyumbani

Maneno yaliyosemwa na katekista mmoja wa upande wa Kibiti katika mkutano wa sherehe ya Yubile



Nimeombwa nizungumze juu ya biashara. Najua wako watakaoshangaa, maana kazi yangu ni kufundisha, wala si kuuza na kununua. Walakini mimi nami nimekuwa mtunza hazina wa kikundi cha biashara kwa miaka kadhaa. Nilikosa, na kosa langu likanifunza mambo ambayo sikuyapata darasani. Basi leo sitawahubiria. Nitawaeleza neno moja tu: biashara yenye kuwafaa watu si ile itoayo sadaka kubwa mwisho wa mwaka, bali ni ile ambayo haki ya jirani imo ndani yake tangu mwanzo, katika bei, katika kipimo, na katika daftari.

Kwanza tuitazame nchi yetu. Katika milango ya mto Rufiji, pale tunapopaita Delta, iko mikoko hekta zipatazo 50,000. Tangu zamani sana majahazi ya Arabuni na Ghuba yalishuka kwa kaskazi, yakapakia boriti zetu, yakarudi kwa kusi. Vyumba vya nyumba za kale za Unguja na Lamu ni vyembamba kwa sababu urefu wa boriti ndio uliokuwa kipimo chao. Wakataji walisimama matopeni, mbu juu yao na maji chini yao, ili mtu wa mbali apate dari. Ukimwuliza mzee wa Delta dari zile zilimrudishia nini, atakuonyesha viganja vya mikono yake.

Na huku juu, penye mikorosho, mambo hayakuwa mepesi zaidi. Mnaijua kangomba. Mwezi wa njaa mlanguzi huja kwa maneno matamu, humpa mkulima fedha kidogo ili alipwe korosho ambazo bado ziko mtini. Na siku ya kulipa, kipimo ni chombo chake yeye mlanguzi. Serikali imeikataza kangomba, na vyama vya msingi na stakabadhi ghalani vimewekwa ili mkulima auze kwa mizani na kwa mnada. Lakini mwenye njaa hasubiri mnada. Kwa hiyo kangomba haijafa, hujificha tu.

Tena mtakumbuka khabari ya kamba. Mwaka 1997 Serikali iliukubali mpango mkubwa wa kufuga kamba katika Delta, wa hekta maelfu. Wako wanavijiji waliounga mkono, wakitumaini kazi. Wako waliokataa, wakiogopa kuondolewa penye mashamba na uvuvi wao, hata shauri likafika mahakamani. Mabwawa yale hayakujengwa. Sitaki kuwahukumu waliotumaini wala waliokataa. Nataka tulishike swali waliloliuliza wazee siku zile, kwa kuwa ndilo swali la biashara zote: faida ikipatikana, italala wapi? Ikiwa matope ni yetu na faida hulala kwingine, sisi tu vibarua katika nyumba yetu wenyewe.

Basi mimi na wenzangu tulidhani kwamba jibu ni jepesi: tuanzishe biashara yetu sisi wenyewe. Tulikuwa watu 14, wanawake 9 na wanaume 5. Tukaweka akiba, tukauza korosho zetu, tukanunua mashine ya kukoboa mpunga. Kabla ya hapo mama zetu walitwanga kwa kinu na mchi, au walipakia magunia juu ya pikipiki wakaenda mbali, na nauli ikala nusu ya walichokwenda kutafuta. Mashine ilipoanza kunguruma, kijiji kizima kilikuja kuitazama.

Mwaka wa kwanza tulipata faida nzuri. Tukasema, Sisi si walanguzi, hatuna budi kuwarudishia watu. Tukatoa karibu fedha zote zilizokuwamo sandukuni, tukanunua madawati ya shule. Wakubwa walialikwa, ngoma ikapigwa, picha zikapigwa, na mimi mtunza hazina nikasimama katikati. Usiku ule nililala usingizi wa mtu aliyetenda mema.

Ndugu zangu, haikupita miezi mitatu injini ikafa. Fundi akasema kifaa cha ndani kimekatika, hakina budi kununuliwa kipya Dar es Salaam. Tukafungua sanduku: hamna kitu. Mavuno yakaja, mpunga ukajaa ghalani, na mashine imesimama kama kaburi. Siku moja mama mmoja, mwenye watoto sita, alinikuta njiani akaniambia kwa upole, “Mwalimu, madawati ni mazuri. Lakini wanangu wanayakalia na njaa, maana mpunga umo ndani, nami mgonjwa, mchi umenishinda.” Sikuwa na jibu.

Nikarudi nyumbani nikalichukua daftari, nikalisoma tangu mwanzo, si kama mtunza hazina bali kama yule mama. Ndipo nikaona jambo baya kuliko injini iliyokufa. Ile faida yetu nzuri ilitoka wapi? Tulipima mpunga kwa debe, na debe letu tulilijaza mpaka likavimba kichwa. Mama alilipia debe moja, mashine ikala debe na ziada. Na pumba, ambazo ni chakula cha kuku na zina bei yake, tulizibakiza sisi tukaziuza, tukisema ni taka. Maana yake ni kwamba madawati yale yalinunuliwa na akina mama wenyewe, pasipo kujua wala kuulizwa. Mali waliitoa wao, sifa tukaichukua sisi. Niambieni basi, debe letu na chombo cha kangomba vina tofauti gani?

Nikatafuta kwa wengine namna walivyofanya. Nikasoma khabari za wafanyakazi wa mji wa Rochdale, huko Uingereza. Mwaka 1844 watu 28 waliungana wakafungua duka dogo, wakauza unga, siagi na sukari. Siku zile wenye maduka wengi walichanganya unga na vitu vibaya na kupunguza uzani. Hawa hawakuanza kwa kugawa sadaka. Walianza kwa kuuza kitu safi kwa uzani kamili. Faida ilipobaki, walimrudishia kila mwanachama kwa kadiri ya alivyonunua. Baadaye waliweka sharti kwamba katika kila pauni 100 za faida, pauni 2 na nusu ziende katika elimu. Angalieni mpango wao: kwanza haki ya mnunuzi, kisha kurudisha kwa hesabu, na fungu la elimu likaandikwa ili lisitegemee moyo wa mtu siku ya furaha.

Nchi yetu nayo ina mafunzo yake. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliungana mwaka 1925, na sheria ya vyama vya ushirika ikatungwa mwaka 1932. Vyama vikakua sana. Lakini mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri ya Serikali, mpaka sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Mimi nasoma hapo onyo kwetu: chama ambacho wanachama wake hawakijui daftari lake si chao, hata kikiitwa kwa jina lao; na siku kikiondolewa, hawatajua wadai nini.

Na jibu jingine nililipata karibu zaidi, barazani kwa jirani yangu, mzee wa msikiti. Nilimweleza aibu yetu, akacheka kidogo, akasema, “Ninyi mmekula mti badala ya matunda.” Akanieleza desturi ya wakfu: mtu akiweka mnazi au nyumba kuwa wakfu, mali yenyewe huzuiwa, haiuzwi wala haitolewi, matunda yake ndiyo yatolewayo kila mwaka. Nikafahamu. Mashine yetu ilikuwa mti, na fedha ya kuitengeneza ilikuwa mizizi yake. Sisi tuliing'oa mizizi tukaipamba shule.

Basi tukakutana upya chini ya mwembe, na safari hii tuliwaita wateja wetu wote. Tukaweka kanuni tatu. Ya kwanza, mpunga hupimwa kwa mizani mbele ya mwenyewe, na pumba ni zake. Ya pili, faida ikipatikana hugawanywa mafungu 10: mafungu 4 ni akiba ya mashine na ya siku mbaya, 3 huwarudia wateja kwa kadiri ya walivyokoboa, 2 ni ya wanachama, na 1 ni la shule na wagonjwa. Ya tatu, daftari husomwa kwa sauti kila miezi mitatu, na mtu yeyote, mwanachama au si mwanachama, ana ruhusa ya kuuliza. Faida yetu ikawa ndogo kuliko mwaka ule wa madawati. Ngoma haikupigwa tena. Lakini mashine haijasimama tena kwa kukosa fedha.

Kanuni hizo zilijaribiwa mwaka 2024. Mnakumbuka Aprili ile, maji ya Rufiji yalivyoyafunika mashamba ya Kibiti na Rufiji, watu wakazikimbia nyumba zao. Mashine yetu iko mwinuko, maji hayakuifikia. Lakini mpunga wa wateja wetu ulikwenda na mto. Hapakuwa na kitu cha kukoboa. Kama tungalikuwa na desturi ya zamani, tungalifunga mlango. Tukasoma daftari, tukaona akiba ipo, na kwa shauri la mkutano tukanunua mbegu, tukawakopesha wateja bila riba, walipe mbegu kwa mbegu baada ya kuvuna. Wengi wamelipa, wachache bado. Mashine ikapata mpunga tena kwa kuwa wakulima walipata mbegu. Sikuweza tena kujua ni nani aliyemsaidia mwenzake.

Na wako wenzetu waliofanya hivyo kwa mikoko yenyewe. Huko Kwale, nchini Kenya, watu wa Gazi na Makongeni wanatunza hekta 117 za mikoko katika kazi iitwayo Mikoko Pamoja. Mti wa mkoko na matope yake huhifadhi hewa ya ukaa, na tangu mwaka 2013 wako watu wa mbali wanaolipa kwa hesabu ili hewa hiyo ibaki matopeni. Fedha ikija, wanavijiji hushauriana. Imeleta maji na vitabu vya shule. Msitu ule ni wa serikali kama huu wetu, nao walipata kwanza mkataba wa kuutunza. Sisemi tuige kesho. Msitu wetu ni mkubwa mara mamia, na watu wake wana mashamba ya mpunga ndani yake. Nasema ya kwamba yawezekana mti usimame na faida irudi, ikiwa mapatano yameandikwa na hesabu inasomwa.

Namalizia kwa jambo lililo gumu kwangu. Watu wema wa parokia wameniambia, “Katekista, sanduku la mashine lina akiba. Mwaka huu ni wa Yubile. Kikundi kilitoe kanisani, tujenge lango zuri la ukumbusho, na majina yenu yaandikwe juu yake.” Niliwajibu kwamba haiwezekani, na leo nayarudia hayo mbele ya Baba Askofu mwenyewe, naye atanisamehe kama nimekosa adabu. Katika sheria ya Musa, mwaka wa hamsini ulikuwa mwaka wa kurudisha: shamba lililouzwa kwa ajili ya shida lilirudi kwa mwenyewe, na mtumwa alirudi kwa jamaa yake. Sikuona mahali palipoandikwa habari za lango. Akiba ile si ya wanachama 14 wala si ya kanisa. Ni ya yule mama wa watoto sita, na ya mpunga ambao haujapandwa bado. Kikundi kitatoa fungu lake 1 katika 10 kwa shule na wagonjwa, kama kilivyoandika. Zaidi ya hapo hakitatoa.

Lakini mtu akitaka kuiadhimisha Yubile pamoja nasi, na alete gunia lake. Atalipima yeye mwenyewe. Pumba ataondoka nazo. Na siku ya kusoma daftari, chini ya mwembe, tutamwekea kiti.