Tumsomeshe Mtaalamu wa Viungo

Ndugu zangu wana-Makongolosi.

Kijana akiangukiwa na kifusi duarani, hospitali itamuunga mfupa. Lakini ili atembee tena anahitaji mazoezi ya wiki, hata miezi, na nauli ya kwenda na kurudi Mbeya inamshinda. Wengine hubaki na magongo ambayo wangeweza kuyaacha.

Tumsomeshe mtoto wetu fiziotherapia. Njia ni hii: afaulu Biolojia, Kemia na Fizikia kidato cha nne, kisha asome stashahada ya miaka 3, kama ile ya KCMC, Moshi.

Wazazi, mtoto amalize shule kwanza, machimbo hayahami. Nasi tulioko mbali, ada ni jukumu letu. Tuchange leo.