Jina la Mwenye Kazi



Hapa Kaole tuanze na jirani yetu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Dunda karibu na Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Aliandika sehemu kubwa ya kitabu cha desturi za Waswahili, yakiwemo maradhi na uganga wa pwani yetu. Kitabu kilitoka Göttingen mwaka 1903 kwa jina la Carl Velten. Velten alikusanya na kupanga, na hiyo pia ni kazi. Lakini kukusanya si kuandika. Mtoro alifariki mwaka 1927. Tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen ndiyo iliyomtaja waziwazi kuwa mwandishi, mwaka 1981. Miaka 78! Mwenyewe hakuliona.

Twalisema hili kwa sababu Bagamoyo ya leo ni mahali pa utafiti wa tiba. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa hapa kwa watoto wachanga 340, na taarifa ya mwaka 2008 ilitanguliza jina la Mtanzania, Salim Abdulla. Twafurahi. Hata hivyo, nyuma ya kila taarifa wapo wengi, na baadhi yao ni vijana wa jumuiya zetu.

Nani basi ni mwandishi? Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba yataka mambo manne yatimie pamoja: mchango mkubwa katika kupanga utafiti, kupata takwimu au kuzichambua, kuandika au kusahihisha kwa kina, kuidhinisha nakala ya mwisho, na kukubali kuwajibika. Aliyetoa damu vipimoni tu hutajwa katika shukrani. Vivyo hivyo mkubwa aliyetafuta fedha tu. Kumpachika kwa heshima ni uongo uleule, ingawa wengi huuona adabu.

Jina likiachwa, aliyeachwa amwandikie kwanza mwandishi mkuu, akiambatisha rasimu, daftari na barua. Asiposikilizwa, amwandikie mhariri. Jarida hutaka waandishi wote watie sahihi. Wakibishana, shauri hupelekwa kwenye taasisi yao. Likithibitika, sahihisho huchapishwa waziwazi na kuunganishwa na makala ya awali. Katekisimu, namba 2487, inafundisha kwamba msamaha hauondoi wajibu wa kurekebisha kosa dhidi ya haki na ukweli.

Nanyi wazazi, waambieni vijana wanaoajiriwa katika utafiti wakubaliane juu ya majina kwa maandishi kabla ya kazi kuanza, na nakala waiweke nyumbani.